Rapa mkali kuliko wote ni nani? Namna ya kubishana barazani mpaka kieleweke

Lamu ubishi wa rapa nani mkali hauna msimu. Pita Mkunguni mbele ya ngome baada ya isha utaukuta, shuka ufuoni kwa vijana wa mashua utaukuta, panda boti ya Mokowe asubuhi utakuta ushaanza hata injini haijawaka, na mwisho wake mara nyingi ni ule ule, mwenye sauti kubwa ndo kashinda, kesho tena majina yale yale, Tupac, Biggie na Eminem wa Marekani, Khaligraph wa Kenya, Professor Jay wa Tanzania, na hakuna hata mtu mmoja aliyeskizishwa mstari. Huu ubishi mimi naupenda kuliko wa mpira, manake mpira una magoli na jedwali la ligi, ukishindwa unaonyeshwa tu, lakini rap haina jedwali, lazima uisimamishe hoja yako kwa kinywa chako na kwa masikio ya wenzako. Inaniuma kuona kitu kizuri hivo kinaharibiwa na kelele. Kwa hivo naandika hapa vile watu wanaweza kubishana mpaka kila mtu akaondoka na kitu kipya cha kuskiza, hata kama hawakukubaliana.

Kanuni kubwa ni moja, hata ukisahau zingine zote hii ishike: anayetaja jina alete vesi, yaani ubeti wa rap. Ukisema Nas wa New York ndo mkali, toa simu, weka vesi, tuskize sote, halafu ndo useme kwa nini. Ukisema Khaligraph, hivo hivo. Mtu asiyeweza kuchagua hata vesi moja ya mtu anayemtetea bas huyo anatetea jina, na jina halina mistari.

Kabla hamjaanza, semeni mnapigania taji gani

Ubishi mwingi unaharibika hapa, dakika ya kwanza kabisa. Mmoja akisema mkali anamaanisha anayeandika mistari mizito, mwenzake anamaanisha aliyeuza sana, wa tatu anamaanisha aliyebadilisha maisha yake alipokuwa kidato cha pili, na wote watatu wanapigiana kelele saa nzima kumbe wanaongea vitu vitatu. Sasa wewe ukiona ubishi unaanza wahi uulize, jamani, tunahukumu nini hapa? Mistari, flo (vile maneno yanavokaa kwenye ngoma), albamu, ama athari? Chagueni kimoja mkimalize ndo muende kingine. Chukua Tupac na Eminem, ukiwaweka kwenye athari Tupac anakimbia na ushindi, jamaa alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996 akafariki tarehe 13, miaka 25 tu, na mpaka leo fulana zake zinavaliwa na watoto ambao hata mama zao walikuwa hawajaolewa. Ukiwaweka kwenye ufundi wa kupanga silabi hapo hadithi ni nyingine kabisa, Eminem anapanga vina vitano sita ndani ya mstari mmoja na pumzi haimkatiki. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja yuko kwenye mtihani wake.

Halafu semeni na mipaka. Dunia nzima? Afrika Mashariki? Kenya? Pwani? Usikubali mtu aanze na Pwani halafu akizidiwa arukie Marekani. Na mimi nashauri kabisa Kiingereza na Kiswahili visichanganywe kwenye mtihani wa mistari, manake ni lugha mbili zenye mifupa tofauti, vina vya Kiingereza vinatafutwa kwa shida na vya Kiswahili vingine vinakuja vyenyewe (nitaeleza hapo chini), kuvilinganisha ni kuwaonea wote wawili. Kwenye kisa, ujumbe na athari hapo sawa, changanyeni tu.

Jambo la vifaa nalipita haraka: shusha nyimbo mapema, usitegemee bando na mtandao wakati ubishi umepamba moto, beba spika ndogo, na ukicheza vesi anzia kwenye vesi yenyewe usianze na kiitikio, kiitikio kinawafanya watu waimbe badala ya kuskiza. Nusu dakika inatosha.

Mistari, hapa ndo penye utamu

Sisi watu wa huku tuna bahati na hatuitumii. Mtoto wa Lamu anakua akiskia kaswida, tenzi, mashairi ya harusini na ya siasa, sikio lake linajua kina kabla hajajua kusoma. Sasa hilo sikio liletwe kwenye rap.

Shairi letu la kawaida mstari una mizani (silabi) 16, 8 na 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Skiza huu mfano, nimeutunga hapa hapa:

Nimeshuka bandarini, maiki naishikia
Mlioko barazani, shukeni kunisikia

Kwa shairi hiyo ni halali kabisa, -ni kati, -kia mwisho, mizani imetimia. Kwa rap ya leo hiyo ni rahisi mno, na sababu ni kwamba Kiswahili kinakupa -ni bure, kila mahali ukitaja unapachika -ni, dukani, sokoni, mskitini, chuoni, na vitenzi karibu vyote vinaishia na -a, kwa hivo mtu anaweza kujaza albamu nzima vina vya silabi moja bila kutoa jasho. Bandarini na barazani zinaonana mkiani tu. Sasa linganisha na huu:

Nimekaa barazani, hivi mnamwaza nani?

Ba-ra-za-ni, mwa-za-na-ni, irabu nne zinafuatana vile vile, a-a-a-i, neno moja limejibiwa na maneno mawili, na mkazo umeangukia mahali pamoja. Huyo ndo mtu anayejua kuandika. Kwa hivo ukiwekewa vesi usiulize kama ina vina, karibu kila mtu anavyo, uliza vina vinarudi nyuma silabi ngapi. Moja ni mwanafunzi, mbili ni sawa, tatu nne hapo kaa vizuri uskize.

Pili, angalia vina viko wapi. Marekani mtu anayetajwa sana hapa ni Rakim, yeye na Eric B. walitoa albamu ya Paid in Full mwaka 1987, na ndo anapewa sifa ya kuingiza vina katikati ya mstari wakati wenzake wengi walikuwa wanasubiri mwisho wa mstari ndo wapige kina. Wanaomskiza leo wanashangaa kwani kuna nini cha ajabu, na jibu ni kwamba wote waliokuja baada yake walibeba ule mtindo mpaka ukawa kawaida. Kwetu kina cha kati ni kitu cha mababu, sisi hatukungoja 1987, na ndo maana nampenda Fid Q wa Mwanza, mtu aliyeipa albamu yake ya 2004 jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, ujue huyo alikuwa anajua anachokifanya na anajua kimetoka wapi.

Kuna usiku mmoja tuliweka Fid Q barazani, na ami mmoja muuza kahawa akasimama na dele mkononi, hakumimina, mkono wa pili anahesabu kwa kidole gumba akikigusisha kwenye vidole vingine, silabi moja kidole kimoja, vile wazee wanavohesabu mizani. Akauliza, "Huyu wa wapi?" Tukamwambia Mwanza, ami. Akasema, "Vina anavyo, wallahi anavyo. Lakini mizani yampotea, huu mrefu, huu mfupi." Kijana mmoja akataka kumrukia, tukamnyamazisha, manake swali la ami lilikuwa swali la haki na lina jibu. Kwenye rap mizani haihesabiwi kwa silabi, inahesabiwa kwa ngoma. Mstari mmoja ni mapigo manne ya biti, rapa anaweza kujaza silabi 8 ama 18 ndani yake, bora akirudi kwenye pigo kwa wakati, na vesi ya kawaida ina mistari kama hiyo 16. Tukamwambia, ami, acha vidole, piga mguu. Akapiga mguu, tukarudia vesi, na safari hii kila kina kikaangukia pale pale mguu unapoanguka. Akamimina kahawa. Bado alisema Muyaka, yule mshairi wa Mombasa wa zamani, ni bora, na mimi sikubishana naye hapo.

Cha tatu kwenye mistari ni kitu kinachosemwa. Vina vitupu bila kitu ndani ni kelele zilizopangwa. Nas alitoa albamu ya Illmatic Aprili 1994 akiwa na miaka 20, nyimbo 10 ukihesabu na ule utangulizi, haifiki dakika 40, na ndani yake unauona mtaa wake wote wa Queensbridge, ngazi, madirisha, rafiki aliye jela anayeandikiwa barua, hajakwambia yeye ni mkali, amekuonyesha mtaa. Hiyo ndo alama kubwa kwangu. Rapa anayesema mimi mkali mimi mkali dakika tatu nzima hajaniambia kitu.

Flo na pumzi

Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kwa hivo Kiswahili kina mwendo wake wa kuyumba, na rapa mzuri wa Kiswahili anaufuata huo mwendo, anaweka ile silabi ya mkazo juu ya pigo. Rapa mbaya anachukua flo ya Mmarekani akaipachika maneno ya Kiswahili juu, mkazo ukahamia silabi ya mwisho, neno likavunjika, unaskia kabisa kuna kitu hakijakaa. Jaribu hivi: zima biti kichwani, sema ule mstari kama unaongea na mtu. Kama maneno yanatoka vile vile vile watu wanavoongea, huyo ana flo. E-Sir alikuwa hivo. Skiza Nimefika hata leo, Kiswahili cha Nairobi, hakuna neno limelazimishwa, ni kama anakupigia stori tu na kumbe kila silabi iko kwenye ngoma.

Pumzi ni rahisi kuijua, skiza wapi anakata. Studio inaweza kuficha kila kitu, kwa hivo tafuta video akiwa jukwaani na maiki moja bila sauti ya kusaidiwa nyuma. Wengi wanaanguka hapo.

Namba na tuzo zitumie lakini zisikuendeshe

Kuna mtu kila baraza, ukimaliza kueleza yote haya anatoa simu anakuonyesha watazamaji milioni kadhaa YouTube, anaona amefunga kesi. Usimdharau, namba zina maana, zinasema watu wengi wameskiza. Hazisemi zaidi ya hapo. Umwambie hivi: Tupac hakuwahi kushinda hata moja ya Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani. Biggie pia. Nas alikuja kupata ya kwanza 2021, miaka 27 baada ya Illmatic. Sasa kama tuzo ndo kipimo, hao watatu tuwatoe? Hakuna atakayekubali kuwatoa, na hapo hoja ya tuzo inarudi kwenye saizi yake. Na Grammy zenyewe zilianza kuipa rap kitengo chake 1989, kila kilichofanywa kabla ya hapo hakikuwa na mlango wake chenyewe.

Na kwa Afrika Mashariki namba za mtandaoni ni dhulma tupu kwa waliotangulia. Wakati Saleh J anatoa rap ya Kiswahili Tanzania mwaka 1991, wakati kundi la Kalamashaka kutoka mtaa wa Dandora, Nairobi, wanatikisa Kenya na Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya 90, hakukuwa na YouTube, kulikuwa na kanda na redio. Kanda ikinunuliwa moja inanakiliwa mtaa mzima. Nani alihesabu hizo?

Waliokufa wadogo

Hapa watu wanaumia kweli na lazima uende taratibu. E-Sir alifariki ajalini tarehe 16 Machi 2003 akitoka Nakuru, hata miaka 22 hajatimiza. Biggie aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, miaka 24, albamu yake ya pili ikatoka wiki mbili baadaye. Ngwair wa Tanzania alitutoka Mei 2013 akiwa Afrika Kusini. Kila ukiwataja mtu atasema "angeishi huyu..." na mimi namwelewa kabisa, hata mimi moyo unaniambia hivo. Lakini kwenye ubishi kanuni ni hii: tunahukumu kilichopo. Kama kilichopo ni albamu moja, iskizwe hiyo albamu kwa haki yake yote, isiongezewe zile ambazo hazikuandikwa na isipunguzwe kwa sababu ni moja. Jay-Z ana zaidi ya miaka 20 ya albamu, kutoka Reasonable Doubt 1996 mpaka 4:44 ya 2017, huo ni uzito mwingine na unastahili alama zake za kudumu, ila kudumu na kilele ni vitu viwili. Biggie kwa kilele anaweza kukaa na mtu yeyote.

Nani aliandika?

Hili swali ni zito kwetu kuliko Marekani kwa sababu ushairi wetu unaruhusu kitu ambacho rap hairuhusu. Huku mtunzi anaweza kuandika shairi akampa mwenye sauti nzuri aghani, na hakuna aliyedanganya, kila mmoja ana heshima yake, taarab vile vile, mtunzi ni huyu mwimbaji ni yule. Ndo maana wazee wengine hawaoni shida rapa akiandikiwa. Mimi naona shida. Rap inasema "mimi", inasema nimeona, nimelala njaa, nimetoka mtaa huu, ukiandikiwa hiyo "mimi" na mtu mwingine bas umeazima maisha. Mtu aliyeandikiwa anaweza kuwa mwanamuziki mkubwa sana, nampigia makofi, lakini kwenye taji la rapa mkali wa wote mimi simuingizi. Ukibishana na mtu asiyekubaliana na hili semeni mapema kabisa, manake mkiliacha litawarudisha nyuma kila dakika kumi.

Majibizano si taji

2024 Kendrick Lamar na Drake walijibizana na baraza zote zikawaka, na huku pia watu hawakulala wakingoja nyimbo zitoke. Kendrick alishinda ile, wimbo wake Not Like Us ukachukua Grammy tano Februari 2025. Lakini kushinda majibizano ni kushinda majibizano. 2001 Nas na Jay-Z waliraruana vibaya, wengi wanasema Nas alishinda, na bado Jay-Z hakushuka hata ngazi moja, wakaja wakapatana 2005. Kendrick anastahili kuwa kwenye orodha ya juu hata kama ile vita isingetokea, ana tuzo ya Pulitzer ya 2018 kwa albamu ya DAMN., rapa wa kwanza kuipata, na zaidi ya hiyo tuzo kuna zile albamu zenyewe.

Na majibizano sisi tusishangae kana kwamba ni kitu kilichoshuka na meli juzi. Wakati wa Vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mombasa na Pate wamekuja kutupiga, washairi wa pande mbili walikuwa wanatumiana mashairi, Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu, mafumbo, vitisho, kejeli, huyu akimjibu yule kwa kina. Lamu ilishinda ile vita. Na Muyaka aliyekuwa upande ulioshindwa ndo jina linalotajwa mpaka leo na kila anayesoma ushairi wa Kiswahili, kwa sababu mashairi yake mengine yote, ya mapenzi, ya njaa, ya dunia, yana uzito. Ukitaka mfano wa kumwonyesha mtu kwamba vita moja haiamui mshairi, huo hapa, wa nyumbani.

Wanawake wasiwekwe orodha ya pembeni

Nasema hili kwa nguvu. Nimeona watu wakitaja kumi bora zao, wanaume kumi, halafu mtu akiuliza wanasema "ah wa kike tufanye orodha yao". Hapana. Lauryn Hill albamu yake ya 1998 ilichukua Grammy ya albamu ya mwaka, hakuna albamu ya hip hop iliyokuwa imefika hapo kabla yake, na akichana hakuna mwanaume anayemzidi pumzi wala maana. Nazizi alishika maiki Kenya akiwa msichana mdogo wakati wavulana wenyewe hawajajipanga. Femi One akiingia kwenye biti unaskia mtu anayejua anaenda wapi. Weka vesi zao kwenye mtihani ule ule, spika ile ile, usimwambie mtu kabla kwamba ni mwanamke. Tuone.

Na wa Pwani pia. Kundi la Ukoo Flani walitoka Mombasa wakaungana na wa Dandora, Cannibal na Sharama walikuwa wanachana Kiswahili ambacho bara walikuwa hawajakiskia, na leo Kaa la Moto anaandika Kiswahili kizito kabisa. Mtoto wa Lamu anayejua vesi nzima za Drake na hajawahi kuskiza hawa, mskizishe usimcheke.

Adabu ya kubishana

Baraza si ya vijana peke yao, kuna wazee, kuna watoto wanapita, kuna mama zetu wanatoka sokoni. Ukijua vesi ina matusi usiiweke hapo, nyingi za Wakadinali, kundi la Nairobi, na za Wamarekani ni za kuskizwa kwa headphone, chagua safi, zipo nyingi, ama msogee kando. Adhana ikianza spika inazimwa saa hiyo hiyo, si mpaka vesi iishe. Mzee akiingilia mwache aseme mpaka amalize, muite ami ama babu, mjibu kwa hoja na si kwa kicheko, na mara nyingi wazee wana swali ambalo nyinyi hamkulifikiria, kama yule wa mizani.

Na wenyewe kwa wenyewe, kabla hujampinga mtu sema alichosema yeye kwanza: "Kwa hivo wewe wasema Khaligraph ni zaidi ya Octopizzo kwa sababu ya pumzi na Kiingereza chake, sivyo?" Akikubali ndiyo, hapo sasa mpinge. Utashangaa vile ubishi unapoa na unanoga kwa wakati mmoja. Mtu akisema jambo zuri mpe, sema "hapo umenishika". Usimwambie mtu "wewe mtoto huyui kitu", Wakadinali wameimba maisha ya vijana wa saa hizi vile Kalamashaka waliimba ya wakati wao, na kijana wa miaka 18 ana haki ya kusema hao ndo wanamuongelea yeye. Alete vesi tu. Halafu akishaileta, iskize kweli, usiwe unatafuta ya kwako kwenye simu wakati yake inacheza.

Mkifika mahali hamsogei, badilishaneni. Wewe unampa vesi tatu za mtu wako, yeye anakupa tatu za wake, mnaenda nazo nyumbani, mnaskiza mara kadhaa, ndo mnarudi. Vesi nyingi nzuri hazifunguki mara ya kwanza. Mimi wako marapa watatu wanne niliowapinga kwa kelele barazani na nikaja kuwapenda chumbani peke yangu.

Na usikatae kutoa jibu lako. Kuna wale wanakaa pembeni wanasema "kila mtu ana ladha yake" wanaona wamesema busara. Ladha ndiyo, ila ladha inaelezeka. Sema jina, sema mtihani, weka vesi. Mimi kwa dunia nzima kwenye mistari ni Nas, kwa sababu nilizosema. Kwa Kenya kwenye flo ni E-Sir. Na kwa Kiswahili, mistari na athari kwa pamoja, ni Professor Jay, na niko tayari kukaa usiku mzima kwa hili. Alianza na Hard Blasters, akatoa Machozi, Jasho na Damu 2001, na kwenye Ndio Mzee alimchora mwanasiasa anayeahidi kila kitu mpaka mtu akiskia anamjua ni nani wa kwao, Lamu, Malindi, Mikumi, popote. Hakuna tusi, hakuna Kiingereza cha kujazia, kisa kimeanza kimeendelea kimeisha, na baba yangu ambaye rap yote kwake ilikuwa makelele alikaa akaskiza mpaka mwisho na akacheka pale pale pa kuchekwa. Baadaye Jay mwenyewe akaingia bungeni, mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 mpaka 2020. Fid Q anamzidi kwa vina, hilo nakubali na nitakubali mbele ya mtu yeyote. Kwa kisa hakuna anayemzidi, na kisa kwangu kina alama nyingi kuliko kina. Mwenye jina lingine aje nalo, na vesi iwe tayari kwenye simu.